Natafuta kaburi la guka, Mageta. Nianzie wapi?

MjukuuWaNjoro

Habari zenu wadau. Mi ni mtu wa Njoro hapa Nakuru na nina swali, najua kuna watu wa Siaya na Kisumu humu ndani, naomba mnisaidie na msinicheke.

Guka yangu (babu, mzaa baba) alikuwa anakamua ng'ombe kwa shamba la mzungu huku Njoro. 1953, Emajensi (ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau) ikiwa imetangazwa Oktoba ya mwaka uliotangulia, wakachukuliwa usiku yeye na wenzake, wakapandishwa lori, na huo ndio ulikuwa mwisho wa cucu (nyanya, mke wake) kumuona. Cucu mwenyewe alifurushwa shambani na mtoto mgongoni (huyo mtoto ndiye baba yangu) akarudishwa rizavu (maeneo waliyotengewa Wakikuyu) na sufuria moja na blanketi. Kutoka hapo hakuna barua, hakuna mwili, hakuna mtu wa serikali alikuja kusema lolote mpaka wa leo.

Kitu pekee tunajua ni kwamba 1958 kuna rafiki yake alitoka kizuizini akapita kwa cucu akamwambia, mzee wako tulikuwa naye kwa kisiwa cha Mageta huko Ziwa Victoria, aliugua, mara ya mwisho nilimuona akibebwa kwa boti amefunikwa blanketi ya kijivu. Huyo rafiki naye alishakufa zamani. Kwa hiyo sisi nyumbani tumekua tukijua guka alizikwa Mageta, kila mtu ukimuuliza anasema Mageta, lakini hakuna hata mmoja wetu ashawahi kukanyaga huko.

Sasa cucu ako na miaka tisini na kitu. Akili iko sawa kabisa, anakumbuka hadi bei ya sukari ya 1950. Mi ndiye kifungua mimba wa baba kwa hiyo nimebeba jina la guka, na wale mnajua mila yetu ya Kikuyu mnajua ile mchezo, cucu huniita "muthuri wakwa", yaani mume wangu, tangu nikiwa mdogo. Mwezi uliopita nikiwa nimemletea maziwa akaniambia, muthuri wakwa, wewe umeishi kuliko yule mwingine na bado hujaenda kumuona. Hakucheka. Nilikosa jibu.

Kwa hiyo naenda. Swali ni nafikaje Mageta kutoka Nakuru, nikifika namuuliza nani, na kuna alama yoyote ya hayo makaburi ama nitakuwa naangalia tu nyasi? Pia kama kuna mtu ashatafuta jamaa yake aliyekufa kizuizini aniambie alifanyaje. Sina pesa ya wakili wala ya mtu wa utafiti, nina likizo ya siku tano na simu.

Nyar_Yimbo

Karibu sana omera. Mi ni wa huku Yimbo, kwetu ni dakika chache kutoka Usenge, na Mageta nimeenda mara nyingi kwa sababu mjomba wangu ana boti ya omena (dagaa) huko.

Njia si ngumu. Nakuru panda gari ya Kisumu ya kupitia Kericho na Ahero, toka asubuhi mapema. Lala Kisumu, usijaribu kufanya yote siku moja utafika ziwani na giza. Siku ya pili panda matatu ya Bondo na Usenge, inakata kona pale Kisian, lami iko mpaka huku. Ukifika Usenge shuka beach uulize boti ya Mageta, ziko, zinabeba watu na mizigo, unga, soda, mabati, mbuzi, kila kitu. Nauli ulizia mama yeyote ameketi hapo anangoja kuvuka, usimuulize kijana wa boti kwanza kwa sababu sura ya mgeni huwa inapandisha bei hahaha.

Kitu cha maana, VUKA ASUBUHI. Ziwa asubuhi ni kama maji kwa karai, ikifika saa nane saa tisa upepo unaanza na mawimbi yanapanda, watu wa bara wanatapika mpaka wanaitisha pasta. Na usikubali kupanda bila laifu jaketi, hata wakikuambia ni hapa tu karibu. Kila mwaka kuna watu wanakufa na hiyo "ni hapa tu".

Sasa kuhusu kambi. Watu wa huku wote wanajua Mageta ilikuwa na kizuizi cha Mau Mau, si siri, hata watoto wanajua. Shida ni hii, wengi wanaoishi kisiwani sai walikuja na samaki. Mbuta ilipoanza kuleta pesa watu walitoka kila mahali, Wasamia, Wasuba, Waganda, watu wa Kakamega, hawa hawakuwepo wakati wa mzungu. Ukimsimamisha kijana kwa njia atakuonyesha jiwe lolote akuambie hapo ndio selo, umpe mia mbili. Usiende hivyo. Fika kwanza kwa chifu ama kwa ofisi ya BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia beach) pale beach, jitambulishe, sema wewe ni mjukuu si mtu wa gazeti wala mtu wa kununua shamba. Hiyo ya shamba ni muhimu, mgeni akianza kuuliza uliza mambo ya ardhi na makaburi watu wanafunga mdomo.

Halafu ulizia wazee hata huku bara, Usenge na vijiji vya karibu. Kuna waliokuwa watoto wakati ule na baadaye wakahama kisiwani. Wakati mwingine stori iko bara, kisiwa kimebaki na mawe tu.

Kondele_Hapa

Pole kwa guka wako lakini acha niseme ukweli wenye wengine wanaogopa kusema. Unaenda kutumia pesa ya karo bure. Dedan Kimathi mwenyewe, Field Marshal wa Mau Mau, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, serikali nne zimepita na mpaka leo familia haijapewa mfupa. Mama Mukami, mjane wake, alikufa 2023 akiwa bado anaomba. Kama huyo mwenye sanamu katikati ya Nairobi hajapatikana, mkamuaji wa ng'ombe wa Njoro atapatikana aje? Mtengenezee cucu ibada nyumbani, mpande mti, maisha iendelee.

Karatasi_za_Kale

@Kondele_Hapa kuna tofauti. Kimathi alifichwa makusudi, wakoloni walijua kaburi lake litageuka mahali pa watu kuapa. Mtu wa kawaida aliyekufa kizuizini hakufichwa, alipuuzwa tu. Na mtu aliyepuuzwa mara nyingi anaacha karatasi, kwa sababu karani hakuona haja ya kuichoma.

@MjukuuWaNjoro, mi nimefanya kazi na mafaili ya zamani miaka mingi, acha nikupe mawazo yangu kabla hujapanda gari.

Rudi kwa ile sentensi ya rafiki wa guka. Umeiandika halafu ukaipita kama si kitu. "Akibebwa kwa boti amefunikwa blanketi." Fikiria kidogo. Mtu akifia kisiwani anazikwa kisiwani, nani atapoteza mafuta ya boti kusafirisha maiti ya mfungwa? Anayebebwa kwa boti ni mgonjwa ambaye bado anapumua na kuna mtu ameamua apelekwe kwa daktari. Kwa hiyo huyo rafiki hakusema guka alizikwa Mageta. Alisema guka ALITOKA Mageta. Hiyo ya kuzikwa mmeiongeza nyinyi nyumbani kwa hii miaka yote, na si kosa lenu, kila familia hufanya hivyo, mahali pa mwisho mtu alionekana panageuka kuwa kaburi.

Jambo la pili, wale watu walikuwa wanazungushwa. Kulikuwa na mtindo wa kuwagawa kwa rangi, mweupe ni yule amekiri, kijivu ni yule wa katikati, mweusi ni yule amekataa katakata, na unavyopanda ama kushuka rangi ndivyo unahamishwa kambi. Manyani huko Tsavo, Mackinnon Road, Langata, Athi River, Mwea, Hola. JM Kariuki, yule aliyekuja kuwa mbunge, alianza 1953 akatoka 1960 akiwa amepitia kambi kumi na nne, na moja ilikuwa Saiyusi, kisiwa kingine cha ziwa hilo hilo. Kwa hiyo visiwa vya ziwa ni viwili si kimoja, na watu wakisimulia huwa wanavichanganya. Cucu aulizwe kama alishawahi kusikia jina la Saiyusi, ama jina lingine lolote. Usimpe jibu mdomoni, muulize tu "alipitia wapi na wapi" unyamaze.

Tatu, namba. Kila mtu kizuizini alikuwa na namba na amri ya kumzuilia, ama ya gavana mwenyewe ama ya maofisa wake. Bila namba unatafuta Kamau katikati ya Kamau elfu tano. Kwa takwimu zao wenyewe mwisho wa 1954 walikuwa wamefungia watu kama 71,000 kwa wakati mmoja. Ukiwa na namba kazi inapungua sana. Huwa inapatikana kwa vitu vidogo, bahasha, kadi, kipande cha zamani, karatasi ya kuachiliwa ya mtu aliyefungwa naye. Fungueni masanduku ya cucu. Na muende kwa watoto wa yule rafiki! Kama aliachiliwa 1958 alitoka na karatasi, na watu walizihifadhi hizo kuliko pesa, kwa sababu bila hiyo ungekamatwa tena.

Ukishapata namba nenda Jumba la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue Nairobi, ile nyumba ya zamani ya benki. Uliza mafaili ya idara ya magereza, yanaanza na herufi JZ, na ya wizara ya ulinzi, AH. Lakini kwa kuwa wewe una mambo ya Nyanza usisahau kuna tawi la Kisumu na lingine liko hapo hapo kwenu Nakuru, huko hakuna foleni na wale makarani wakikupenda watakutafutia mpaka jioni. Mengine yalichomwa kabla ya uhuru, mengine yakabebwa Uingereza yakafichwa karibu miaka hamsini, yakajulikana 2011 wakati wazee wetu walienda kortini London. Ndio hiyo kesi ilifanya 2013 Waingereza wakalipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Waliolipwa ni waliokuwa hai na waliweza kuonyesha makovu. Wale hawakurudi hakuna mtu aliwahesabia kitu.

MjukuuWaNjoro

Wueh. @Karatasi_za_Kale nimesoma hiyo yako mara tatu nikiwa kwa stendi ya matatu mpaka gari imeniacha. Hiyo ya boti sikuwahi kuiona hivyo maisha yangu yote, na hiyo hadithi nimeisikia labda mara mia. Nitaongea na cucu Jumapili.

@Kondele_Hapa sijakasirika, hata baba yangu anasema hivyo hivyo. Mti tulishapanda. Ng'ombe alikula.

ArapChai

Chamgei. Mi ni wa Kericho na sisi si watu wa Mau Mau lakini hii maneno inatuhusu sana kwa hivyo niruhusuni.

Kwetu sisi ni Talai. Wale hawajui, mwaka wa 1934 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya sisi peke yetu, sheria ya kuhamisha ukoo mzima, watu karibu 700, wazee watoto akina mama na ng'ombe, wakatolewa Kericho wakapelekwa Gwassi, hiyo ya Homa Bay sai, joto, mbung'o, malaria, mahali ilikuwa haina mtu kwa sababu mtu alikuwa hawezi kuishi. Walikaa huko mpaka 1962. Na Wanandi nao, Barsirian arap Manyei, mtoto wa Koitalel kiongozi wao, alikamatwa 1923 akaachiliwa 1964, Kenya ikiwa ishapata uhuru, na ndani ya hiyo miaka aliwekwa mpaka kisiwa cha Mfangano, humo humo ziwani. Kwa hiyo hili ziwa lilikuwa jela muda mrefu kabla ya Emajensi. Mzungu aliona maji akaona ukuta wa bure.

Sasa sikiliza vile sisi tulipata makaburi yetu. Kogo, nyanya yangu, alizaliwa Gwassi na alikuwa na kaka zake wawili walikufa huko wakiwa wadogo. Tulienda na gari tatu, watu wazima na heshima zetu, tunauliza kila mtu "makaburi ya Talai yako wapi" na kila mtu anatuangalia tu. Siku nzima. Tumekata tamaa tumekaa kwa duka tunakunywa soda ya moto (moto kweli, friji haikuwa na stima), mzee mmoja Msuba akatuuliza nyinyi mnatafuta nini. Tukamwambia. Akasema Talai sijui, lakini kama ni liete Lang'o iko nyuma ya ile kilima nilikuwa nachunga mbuzi hapo.

Liete Lang'o, yaani makaburi ya Walang'o, ndivyo Wajaluo hutuita sisi. Miaka yote hiyo mahali palikuwa na jina, jina walilopewa na majirani, sisi ndio tulikuwa hatulijui. Tukafika, mawe yamepangwa vizuri mviringo mviringo, mengine madogo sana ya urefu wa mkono. Hakuna mtu alikuwa amelima hapo. Yule mzee alisema baba yake aliwakataza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo. Usiulize kwa jina lako. Wajaluo wanawaita nyinyi aje? Uliza kwa hilo.

Nyar_Yimbo

@ArapChai umenitoa machozi na niko kazini. Ni kweli kabisa. Sisi tunawaita Jokuyu. Kwa hiyo aseme "liete Jokuyu". Na sasa nimekumbuka kitu, dani, nyanya yangu mzaa mama, alikuwa akitutuma kuni huku Yimbo kuna mahali alikuwa anatukataza, anasema hapo msiokote. Nilidhani ni nyoka. Nitampigia mama leo nimuulize.

Nyar_Yimbo

Nimerudi. Mama anasema hapana ni nyoka tu hahaha. LAKINI anasema kuna mama mmoja mzee sana alizaliwa Mageta, ameolewa huku bara, ako na kumbukumbu, na atakubali kuongea na mtu akija na sukari na majani. @MjukuuWaNjoro njoo inboksi.

Kondele_Hapa

Sawa mmenishinda. Ukipita Kisumu nipigie nikununulie samaki, usiende kwa wazee ukiwa na njaa.

MjukuuWaNjoro

Wadau nimerudi, poleni nimenyamaza wiki tatu. Naandika ndefu, mwenye haraka apite.

Jumapili ile nilimuuliza cucu vile niliambiwa, "alipitia wapi na wapi", nikanyamaza. Akanyamaza pia. Nikadhani amelala. Halafu akaniambia nipande kwa kitanda nishushe mkebe wa majani chai, ule wa bati uko juu ya kabati, mi huo mkebe nimeuona tangu nizaliwe nikijua ni wa vifungo vya nguo. Kweli ni vifungo. Chini ya vifungo kuna karatasi imekunjwa mara nane hivi, ukiifungua inataka kukatika. Ni barua. Cucu hajui kusoma, aliposomewa na mwalimu wa Misheni wakati ule akaambiwa aiweke asionyeshe mtu, akaiweka, hakuonyesha mtu. Baba yangu alikuwa hajui. Miaka SABINI.

Imetoka Manyani, 1954. Imeandikwa kwa Kiswahili, sijui kama ni yeye aliandika ama alimwandikisha mtu, mistari sita, salamu, niko mzima, uza ile kondoo, mtoto asiache maziwa. Kuna mstari mmoja umepakwa wino mweusi wote, nimeweka kwa jua nimeweka kwa tochi hausomeki. Na juu kabisa kwa kona kuna NAMBA. @Karatasi_za_Kale nilikuamini hapo hapo.

Basi nikaenda. Kondele alinilisha ngege nzima mpaka nikashindwa, asante ndugu. Usenge nilifika saa kumi jioni nikalala, asubuhi saa moja nikavuka, nilikaa juu ya gunia la unga katikati ya mama na kuku wake, laifu jaketi inanuka mafuta lakini nilivaa. Maji yalikuwa yametulia vile mliniambia. Beach ya Mageta ile asubuhi omena zimeanikwa kwa neti chini, jua likipiga unadhani mtu amemwaga misumari mipya. Chifu hakuwa lakini mtu wa BMU alinipokea vizuri akanipatia kijana wa kunitembeza.

Niseme ukweli, kwa macho si mengi. Kuna misingi ya mawe kwa nyasi, kuna mahali palisawazishwa, mbuzi wamejaa hapo. Nikasema lile neno, liete Jokuyu, kijana hakulijua, lakini mzee alikuwa anashona neti akainua kichwa bila mimi kumuuliza, akanyoosha kidole na ile sindano ya neti. Tukaenda. Kuna mteremko unaangalia maji, miti michache ya miiba, na vilima vidogo vya udongo, nilihesabu tisa ambavyo ni wazi na vingine sina uhakika. Hakuna jina. Kwa kimoja mtu aliweka jiwe jeupe juu, si la zamani, kijana akasema kuna familia ilikuja kutoka Nyeri wakati fulani hawakujua ni lipi lao wakachagua hilo. Nilikaa pale kama saa moja. Sikuweka jiwe kwa kuwa habari ya boti bado inanisumbua kichwani.

Kurudi bara nikaenda kwa yule mama wa @Nyar_Yimbo, na sukari kilo mbili na majani. Alikuwa msichana wa kama miaka minane wakati wa kambi. Anasema hawakuruhusiwa kukaribia waya, lakini jioni walikuwa wanawasikia wakiimba, na wao watoto wakashika ule wimbo bila kujua maana, wakawa wanauimba wakichota maji mpaka baba yake akawachapa. Nikamwomba auimbe. Aliuimba! Maneno yameharibika yote, miaka imeyatafuna, lakini sauti ile ni ya wimbo wa kanisa, hata mi naijua, ile wazee wetu walibadilisha maneno wakaweka ya ardhi na Ngai. Nikarekodi na simu.

Halafu nikamuuliza wagonjwa walikuwa wanapelekwa wapi. Hakufikiria hata. Akasema wale wa blanketi? Walikuwa wanashushwa hapa upande wetu, wanalazwa chini ya mti wakingoja gari ya Kisumu. Wengine gari ilikuwa inawakuta bado wako, wengine haikuwakuta.

Mi sikuwa nimetaja blanketi.

Mti ulishakatwa, sasa kuna mahali pa kuuza mafuta ya boti. Hajui waliokufa hapo walipelekwa wapi, alikuwa mtoto, akina mama waliwafukuza.

Cucu nilimchezea ile rekodi juzi. Alisikiliza yote macho imefungwa, mwisho akaanza kurekebisha maneno, hapa si hivyo, hapa ni hivi, akaumalizia na beti mbili ambazo yule mama hakuwa nazo. Nikamuuliza, cucu unafikiri guka alikuwa kati ya hao wanaimba? Akaniambia hapana, yule alikuwa anaimba vibaya sana, wangemnyamazisha. Halafu akauliza kama huyo mama wa Usenge ako na simu. Sasa wanaongea. Mmoja Kiswahili cha Nyanza mwingine cha Njoro, na mkalimani ni binti yake na mimi, bando zimeisha.

Kwa hivyo hatua imebaki ni Kisumu. Karatasi anasema kama alishushwa Usenge akiwa hai na akapandishwa ile gari basi kuna uwezekano jina ama namba iko kwa mafaili ya mkoa wa zamani wa Nyanza, kwa hivyo nimeomba ruhusa tena kazini, Jumanne ijayo. Kuna mtu ako Kisumu anajua hilo tawi la kumbukumbu linafungua saa ngapi, na kama wanakubali kupiga picha na simu? Na @Kondele_Hapa nitakuwa na cucu safari hii, amekataa kuachwa, kwa hiyo tafuta samaki asiye na miiba mingi.

Kondele_Hapa

Mbuta basi, ya kuchemsha. Mwambie shemeji yake anamngoja.